Hitilafu za Umeme Zinazojirudia katika Magari Makuukuu ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Hitilafu ya umeme inayojirudia ni ile ambayo gari hutengenezwa, likatembea siku kadhaa, kisha likarudi kwa fundi na ugonjwa uleule. Betri haina kitu asubuhi. Stata inagonga mara moja na kunyamaza. Taa ya mbele inafifia kila gari linapoingia kwenye mashimo. Breki ikikanyagwa, indiketa nayo inawaka. Katika Land Rover, Hilux, Hiace na Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, dawa ya kwanza kwa kawaida ni kununua kifaa kipya: betri, kisha alternata, kisha stata. Vingi kati ya vifaa vya zamani vinavyoondolewa hutupwa bila kosa. Mara nyingi kinachokuwa kimekufa ni njia ya umeme, hasa ile ya kurudi kwenye betri kupitia chasisi na bodi, ambayo mafundi huiita erthi.

Pwani hii ina sababu zake za kuharibu njia hiyo. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na pepo zote mbili, kusi na kaskazi, hupiga kutoka upande wa bahari. Hakuna msimu wa kupumzika. Chumvi iliyokaa juu ya kiungo cha waya huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Shaba huota kutu ya kijani, na kutu hiyo hupanda ndani ya ganda la plastiki, mahali ambapo jicho haliioni. Pikapu zinazopakia samaki Kilwa Kivinje au Masoko hupata zaidi, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi hudondoka palepale zilipofungwa waya za taa za nyuma. Mtikisiko humalizia kazi: gari linalopanda barabara ya udongo kutoka Nangurukuru kuelekea Liwale hulegeza nati ambazo lami isingezigusa. Tena yapo mafuriko, kama yale ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, yaliyokata barabara kuu huko Somanga. Gari lililovuka maji huweza kuonekana zima na kuanza kusumbua wiki kadhaa baadaye.

Land Rover inahitaji maelezo ya peke yake. Bodi yake ni ya aloi ya aluminiamu na chasisi ni ya chuma. Metali hizi mbili zikigusana katika maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kubaki unga mweupe usiopitisha umeme. Taa ya nyuma iliyotegemea bodi kwa erthi hukosa njia ya kurudi, na umeme wake hutafuta njia nyingine kupitia globu ya jirani. Hiyo ndiyo siri ya breki inayowasha indiketa. Kubadilisha globu au swichi ya breki hapo ni kupoteza fedha. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya 1967, zikiwa bado na mfumo wake wa asili, huwa na upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye chasisi. Anayefunga redio ya kisasa bila kuangalia hilo anaweza kuiunguza siku hiyohiyo.

Uchunguzi huanza kwa maswali kwa dereva: tatizo hutokea asubuhi au mchana, baada ya mvua au katika mashimo, injini ikiwa baridi au ya moto, na taa zipi zikiwa zimewashwa? Kinachofuata ni kupima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma takriban 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Injini ikiunguruma, kipimo kinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo hukaguliwa belti, kaboni za alternata na waya unaopeleka chaji. Kikipita 15, katauti, yaani kidhibiti cha chaji, imekufa, nayo itachemsha maji ya betri na kuunguza globu. Zipo pia Land Cruiser za dizeli zenye mfumo wa volti 24, na kwa hizo tarakimu zote huzidishwa mara mbili.

Vipimo hivyo havioni kiungo kibovu. Kiungo hupimwa kikiwa kinafanya kazi, na hapa ndipo wengi hukosea. Chukua kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Taa ya wati 60 huvuta kiasi cha ampea 5, hivyo hupoteza nusu volti tu na inawaka. Stata inayohitaji ampea 150 ingepoteza hapohapo volti 15, wakati betri nzima ina 12, basi haizunguki. Kiungo ni kilekile, na taa inayowaka haithibitishi kwamba erthi ni nzima.

Njia ni rahisi. Ncha moja ya kipimo huwekwa juu ya kichwa hasi cha betri chenyewe, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu hupiga stata. Kipimo kisizidi takriban 0.3 ya volti. Kikizidi, ncha ya pili hurudishwa nyuma hatua kwa hatua: kwenye chasisi, kwenye mwisho wa waya mnene, kwenye tamino. Mahali ambapo namba inashuka ghafla, ugonjwa uko katika kiungo kilichorukwa punde. Upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo, kutoka kichwa chanya hadi boliti ya stata.

Betri inayoisha usiku hupimwa kwa ampea. Kila kitu huzimwa, tamino hasi hutolewa, na kipimo huwekwa kati yake na kichwa cha betri. Stata isiguswe, kwani kipimo kitaungua. Gari lenye saa na redio lisivute zaidi ya 0.05 ya ampea. Likivuta ampea 1, betri ya ampea-saa 60 itakuwa tupu katika siku mbili na nusu. Fyuzi huchomolewa moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka, wa kushukiwa ni dayodi za alternata na nyongeza zilizofungwa bila fyuzi: alamu, spoti laiti, redio.

Fyuzi inayokatika kila mara isizibwe kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Globu huunganishwa mahali pake; itawaka kwa nguvu shoti ikiwepo, na itafifia waya wenye kosa unapotikiswa.

Matengenezo yenyewe ni ya uvumilivu kuliko ya gharama. Waya hukatwa mpaka shaba inayong'aa ionekane, huunganishwa kwa risasi na kufunikwa kwa mrija unaobana ukipashwa moto; tepu peke yake huhifadhi maji ndani. Mahali pa erthi husuguliwa kwa msasa hadi chuma kitupu, nati hukazwa, na grisi hupakwa baada ya kukaza. Kwa Land Rover, kila taa ya nyuma hupewa waya wake wa erthi hadi kwenye chasisi. Vichwa vya betri vilivyoota unga huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi. Pikapu ya samaki huoshwa chini kwa maji baridi ya bomba baada ya kila safari, bila kuelekeza mpira kwenye alternata. Mwisho, kipimo cha erthi hurudiwa stata ikipigwa, na namba yake huandikwa kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Gari likirudi, fundi ataona kama ni kiungo kilekile ambacho namba yake imeanza kupanda au ni kosa jipya.