Mbegu ya Pili



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa, katika siku hii ya maadhimisho, ya kusema machache juu ya mabadiliko ya tabianchi na njaa. Sitakwenda mbali, nitasema juu ya Ngara na maharage.

Mkulima wa Ngara hungojea mvua za Septemba. Udongo ukilowa, hupanda. Nusu ekari ya maharage huhitaji mbegu zipatazo kilo 20, nazo kwa kawaida ni zile alizojinyima kula tangu mavuno yaliyopita. Siku hizi hutokea mvua ikakatika kwa wiki mbili au tatu, machipukizi yakakauka. Kisha mvua hurejea kwa kishindo. Mwenye fedha hununua mbegu ya pili, naye huvuna. Maskini hutazama shamba lililolowa, asiwe na cha kupanda. Njaa yake, basi, si ya ukosefu wa mvua tu; ni ya ukosefu wa kilo 20.

Wataalamu hueleza kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ndiyo sababu ukavu huzidi kukausha, na mvua ikija humwagika kwa wingi na kuuchukua udongo wa milimani hadi Ruvubu na Kagera. (Mnyauko wa migomba, ulioripotiwa mkoani mwetu mwaka 2006, ni ugonjwa, tusiisingizie hali ya hewa kwa kila jambo.)

Ni nani aliyeipasha joto hewa hiyo? Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Kama vilima vya Ngara vilipoteza miti, tukumbuke mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, nao walihitaji kuni. Mwaka 2022, kule Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Ni jambo la haki, ila fedha hizo zina safari ndefu, na msimu haungoji.

Kwa hiyo nawageukia ninyi, ambao wengi wenu ni wafanyabiashara, kwa adabu ya jirani. Mkulima mwenye madeni huuza mara avunapo, kwa bei ya chini. Miezi michache baadaye hununua maharage yale yale kwa bei ya juu. Faida si dhambi. Lakini mwenye ghala anaweza kutenga magunia machache ya mbegu safi, yakakopeshwa pale upanzi wa kwanza unapokauka, yakarudishwa baada ya mavuno, kilo kwa kilo. Jiko la sherehe hii limetulisha sote leo bila kumwuliza mtu dini yake. Ghala la namna hiyo halitakuwa jambo geni kwenu. Serikali ya kijiji inaweza kuorodhesha kaya zilizopoteza upanzi, ili deni lisilete ugomvi.

Mbegu hizo zichaguliwe Julai, kabla bei haijapanda na wadudu hawajaingia.