Pembe Iliyowekwa Puani

Leo tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likawachekesha wengine, yaani sanamu ndogo za wanyama wa kale. Lakini tafadhali msiondoke karibu na redio, kwa maana jambo lililoanza kwa kicheko nyumbani kwetu halikuishia katika kicheko.

Juu ya kabati la vitabu sebuleni mwetu pana safu ya wanyama wa plastiki. Safu hiyo ilianza na mmoja tu. Shemeji yetu aliyekuwa akisoma Pittsburgh, Marekani, alituletea dinosau aitwaye Brachiosaurus. Alikuwa mmoja wa wale waliotengenezwa kwa ushauri wa wataalamu wa jumba la makumbusho la Carnegie lililo katika mji huo. Sanamu hizo zilianza kuuzwa mwaka 1988, zikakoma mwaka 2015. Tangu siku hiyo, kila tulipopata akiba kidogo tuliongeza mnyama mwingine. Mzee mmoja wa kanisa alipotutembelea alisimama akashangaa. "Kumbe humu mna sanamu?" Tukamjibu, "Mzee, hizi hatuzisujudii. Tunazipanguza vumbi tu."

Utamu wa kukusanya vitu hivi umo katika kipimo, au skeli kama watoto wanavyofundishwa shuleni. Nyingi za sanamu za Carnegie zilifanywa kwa skeli ya 1 kwa 40. Mtu wa mita 1.70 akipunguzwa hivyo, huwa na sentimita 4 na kidogo tu, hafikii urefu wa kidole cha shahada. Sasa fikirini juu ya ile mifupa mikubwa iliyochimbwa Tendaguru, kule Lindi, Tanzania, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin. Mnyama yule wa jamii ya Brachiosaurus amesimamishwa katika jumba la makumbusho, na kimo chake ni mita 13.27. Kwa skeli ile ile atakuwa na sentimita 33, yaani rula ya shule na zaidi kidogo. Hivyo mtu huweza kulishika mkononi jambo ambalo macho yake hayangeweza kulimaliza.

Nyangumi ndiye aliyetusumbua. Nyangumi wa buluu wa mita 28, kwa skeli ya 1 kwa 40, angekuwa na sentimita 70, naye asingeenea kabatini petu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi humpunguza zaidi. Wetu alikuwa na urefu wa shubiri moja hivi. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka 5, alipomwona amewekwa kando ya Brachiosaurus, alidhani kwamba nyangumi ni mnyama mdogo. Basi tukatoka naye uani, tukahesabu hatua kubwa 28 kutoka mlangoni hadi nje ya lango. Mtoto alinyamaza kimya. Kuanzia hapo hakumpenda mnyama mwingine kama huyo.

Tulimsimulia pia habari za nyangumi wa Turkana. Mwaka 1964, pale Loperot, mtaalamu mmoja alipata mabaki ya nyangumi yaliyogeuka mawe, umbali wa kilomita 740 kutoka pwani ya leo. Wataalamu wamekadiria kwamba aliishi miaka milioni 17 iliyopita. Husema kwamba alipanda mto mkubwa kutoka Bahari ya Hindi, akapotea njia, akafa mbali na kwao. Mabaki hayo nayo yalipelekwa Marekani, yakapotea humo ghalani kwa miaka mingi, hata yakapatikana tena mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mtoto akauliza, "Kwa nini alikufa?" Tukamjibu, "Nyangumi akikaa nchi kavu hufa." Tulisema hivyo, kisha tukasahau.

Jumatatu moja nyangumi wetu hakuwapo kabatini.

Wakati huo tulikuwa na binti mmoja aliyetusaidia kazi za nyumbani. Alikuwa amekaa nasi mwaka na nusu. Jumapili alikuwa amekwenda kwao kusalimia, na kwao alikuwa na wadogo zake wawili. Sisi tukaunganisha mambo hayo matatu: nyangumi hayupo, binti alikwenda kwao, na kwao kuna watoto wapendao vitu vya kuchezea. Tukamwita. Akasema hajui. Tukamwambia alete mkoba wake, tukaufungua mbele ya watoto wetu, tukatoa nguo zake moja moja juu ya meza. Hatukuona kitu. Hata hivyo tulisema, "Bila shaka umekwisha kumpeleka kwenu." Jioni hiyo aliondoka akilia. Mshahara wa nusu mwezi tuliuzuia kuwa fidia. Na majirani walipouliza mbona hayupo, tuliwaeleza kwamba tumemfukuza kwa wizi.

Wiki tatu zikapita. Maji ya mfereji yakakatika, nasi tukawa tunachota katika lile pipa kubwa la jikoni, hata tukafika chini kabisa. Kata ikagonga kitu. Alikuwa ni nyangumi.

Tulimwita kitinda mimba. Akatuambia bila woga wowote, "Ni mimi niliyemweka. Mlisema akikaa nchi kavu atakufa." Tukamwuliza, "Mbona hukusema siku ile tulipokuwa tukimtafuta?" Akajibu, "Hamkuniuliza."

Wapendwa, usiku ule hatukulala vizuri. Tuliketi sebuleni, na mbele yetu kabatini alikuwapo Iguanodon, mnyama ambaye habari zake tulikuwa tumezisoma mara nyingi bila kujua kwamba zinatuhusu.

Iguanodon alipewa jina hilo mwaka 1825 na daktari Mwingereza, Gideon Mantell, aliyekuwa na meno yake machache tu. Baadaye ilipatikana mifupa mingine, na kati yake mmoja ulichongoka kama pembe. Mantell akafikiri, akauweka puani, kama wa kifaru. Kisha mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins, akishauriwa na mtaalamu Richard Owen, akajenga sanamu kubwa za saruji na matofali katika bustani ya Crystal Palace, huko Sydenham, London. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1853 wakubwa wa elimu walialikwa kula chakula ndani ya kalibu ya Iguanodon huyo. Mwaka 1854 bustani ilifunguliwa, watu wakamiminika kutazama. Hawkins alitengeneza pia sanamu ndogo zilizouzwa kwa kufundishia, hata sisi tunaokusanya leo tunafuata nyayo zake.

Lakini mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, zaidi ya mita 300 chini ya ardhi, walikuta mifupa ya Iguanodon zaidi ya 30. Mingi ilikuwa kamili. Hapo ndipo ukweli ulipoonekana. Pembe ile haikuwa pembe, wala mahali pake hapakuwa puani. Ilikuwa ncha ya kidole gumba, moja katika kila mkono.

Nasi tulifanya vivyo hivyo. Tulikuwa na mfupa mmoja mkononi, tukajenga mnyama mzima, tukampa jina la mwizi. Tena Mantell ana udhuru kuliko sisi, kwa kuwa wanyama wake walikuwa wamekufa zamani, asiweze kuwauliza. Wa kwetu walikuwa hai jikoni, mmoja akisema kweli na mwingine akingoja kuulizwa. Pia mnyama wa saruji haumii akiwekewa pembe mahali pasipo pake. Mwanadamu huumia.

Hatutawaficha kwamba tulijaribiwa kunyamaza. Tungeweza kumkausha nyangumi, tukamrudisha kabatini, na hakuna ambaye angejua. Lakini mtoto alikwisha kujua. Naye Mungu, aliyekataza ushahidi wa uongo, alijua kabla yetu sote.

Jumamosi tukapanda matatu alfajiri, pamoja na kitinda mimba, tukiwa na mshahara tuliouzuia na mwezi mmoja zaidi. Mama yake binti alitupokea kwa adabu, akatupa viti. Binti mwenyewe akaitwa kutoka shambani. Tukasema, "Mama, nawe binti yetu, tumekuja kuomba radhi. Hukuiba kitu. Sisi ndio tuliokosa." Mtoto naye akasema, "Dada, ni mimi niliyemtia majini."

Binti aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimewasamehe. Lakini kurudi, sitarudi." Mama yake akaongeza, "Mlipomfukuza mwanangu, majirani zenu walisikia. Kuna mmoja aliyetaka kumwajiri, akaghairi. Basi na leo wasikie."

Lilikuwa neno la haki. Tuliporudi, tulikwenda mlango kwa mlango. Kusema neno baya kulikuwa kumetuchukua siku moja tu. Kulifuta kulituchukua karibu mwezi mzima, na hata sasa hatuna hakika kwamba limefutika katika kila sikio. Wazee wetu walisema kweli, maji yakimwagika hayazoleki.

Zile sanamu za Sydenham hazikuvunjwa. Jumba la Crystal Palace lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1936, lakini Iguanodon wa Hawkins yupo hata leo, na pembe yake i puani. Mwaka 2007 sanamu hizo ziliwekwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa na sheria ya Uingereza. Watu hawakulificha kosa lao, wala hawakulitetea. Wameliacha lionekane, na kandokando yake wamefundisha lililo kweli. Nyangumi wetu naye amerudi kabatini. Ana doa la kutu ya pipa mgongoni, nasi hatujalisugua. Mgeni akiuliza, tunamsimulia.

Ndugu msikilizaji, je, yuko mtu uliyempa jina kwa sababu ya mfupa mmoja tu? Labda ni mfanyakazi wako, labda ni mkwe wako, labda ni mtoto wako mwenyewe. Ulimwuliza, au ulimhukumu? Na ikiwa umekwisha kuona kwamba pembe hukuiweka mahali pake, usingoje hadi aliyeumizwa akufuate. Ondoka wewe, uende. Huenda akakusamehe asirudi. Nenda hata hivyo, kisha pitia kwa majirani.

Mungu atupe sote masikio ya kuuliza kabla ya ndimi za kuhukumu. Kwa herini, wapendwa, mpaka tutakapokutana tena.