Waragi ya Ng'ambo: Faida Shilingi Ngapi?

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, mkoani Kagera)

Najua hii ni saa ya usingizi, nitajitahidi msilale.

Nilikuja na mada nyingine kabisa. Lakini nilipofika nilikaa chini ya ule mwembe kusubiri kengele, na nyuma yangu wakawa wanazungumza wavulana kama wanne. Sikugeuka, kwa hiyo msitazamane, siwajui. Walikuwa wanapanga sherehe ya kumaliza mtihani. Mmoja akasema, "Hapa bei mbaya. Tuchange, mtu aende Mutukula, avuke, waragi kule ni ya kutupa." Mwenzake akauliza, "Na nauli je?" Akajibiwa, "Nauli si kitu bwana, ukichukua nyingi inajilipa."

Basi ile mada yangu nikairudisha kwenye mkoba. Leo tuzungumze hilo hilo. Je, inajilipa?

Sitaanza kwa kuwaambia pombe ni mbaya, hilo mmeambiwa tangu shule ya msingi. Tuanze na hesabu, maana yule kijana alizungumza kwa hesabu. Mimi hesabu ninayo, kwa sababu nilishawahi kuwa mweka hazina wa safari ya namna hiyo.

Ilikuwa Desemba, tumetoka kumaliza chuo, marafiki kumi, wote tuko Bukoba kwa likizo. Tukachanga shilingi 15,000 kila mtu, zikawa 150,000. Chupa ndogo ya waragi, ile ya mililita 200, kwenye duka la mtaani kwetu tungeipata kwa 5,000. Tulikuwa tumesikia ng'ambo ni 3,500. Wakatumwa wawili. Wakanunua chupa 24 dukani, ikawa 84,000. Wakati wa kurudi, yule dereva wa bodaboda aliyewapitisha njia ya panya akawaambia ana mzigo wake mwenyewe, 2,000 kila chupa. Wakachukua sita, 12,000. Jumla chupa 30 kwa shilingi 96,000. Mtaani kwetu zingekuwa 150,000. Tumeokoa 54,000! Tulipiga makofi, nakumbuka.

Sasa andikeni na upande wa pili. Nauli ya watu wawili, 6,000 kwenda na 6,000 kurudi kila mmoja, ni 24,000. Chakula na soda 8,000. Kubadilisha fedha, wale jamaa wa mpakani wanaozungusha noti mkononi walitukata kama 4,000. Bodaboda ya njia ya panya 10,000. Jumla 46,000. Toa kwenye 54,000. Mmepata ngapi? Elfu nane. Gawanya kwa watu kumi. Shilingi mia nane kila mtu, na wenzetu wawili wamepoteza siku nzima wakikimbia vichakani.

Lakini daftari linasema na jambo jingine, na hili sikuliona mpaka baadaye. Mpango wetu wa kwanza ulikuwa chupa 15. Kama tungenunua mtaani tungetumia 75,000 na basi. Kwa kuwa kule ni rahisi, tukasema tuchukue 30. Yaani tulitumia 142,000 ili kubana matumizi ya 75,000! Hivi ndivyo safari za namna hii zinavyofanya kazi. Mtu hasafiri kwenda kununua chupa moja. Nauli inamlazimisha anunue nyingi, na zikishafika nyumbani hazisubiri Pasaka.

Hebu tupime kwa kipimo cha maabara. Chupa 30 kwa watu kumi ni chupa tatu kila mtu, mililita 600. Kama kilevi ni asilimia 40, hiyo ni mililita 240 za alkoholi tupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa amewekewa kama bia tisa na nusu kwa usiku mmoja. Ukimwona mtu anaagiza bia tisa baa utasema huyu mlevi. Ikiwa kwenye vichupa vidogo vya kupachika mfukoni, huoni kitu.

Mtaniuliza, "Na wewe dada ulikunywa?" Nilikunywa. Chupa moja na kidogo, nikaishia kutapika nyuma ya nyumba, tena nimevaa gauni la watu.

Tabia hii si ya kwetu peke yetu. Kule Ulaya, Finland na Estonia wametenganishwa na bahari ya kama kilomita 80, meli kutoka Helsinki mpaka Tallinn ni saa mbili hivi. Pombe ya Estonia ilikuwa rahisi sana. Estonia ilipokaribia kuingia Umoja wa Ulaya, Mei 2004, serikali ya Finland iliona watu wake watabeba makreti bila kizuizi. Ikaamua kupunguza kodi ya pombe kwa wastani wa asilimia 33, kuanzia Machi 1, 2004, ili watu wanunue nyumbani. Wananchi wakafurahi. Mwaka huo huo vifo vya ghafla vilivyohusiana na pombe viliongezeka kwa asilimia 17 kuliko mwaka 2003. Ilipofika 2005, pombe ndiyo iliyokuwa ikiongoza kuua wanaume wa umri wa kufanya kazi Finland. Tangu 2008 wakaanza kupandisha tena kodi. Halafu Estonia nayo ikapandisha kodi yake, na Waestonia nao wakaanza kuvuka kwenda Latvia! Julai 2019 Estonia ikakata kodi kwa asilimia 25, na mwezi uliofuata Latvia nayo ikakata kidogo. Kila nchi inamtazama jirani kwenye mfuko, na kitu kinachopungua bei ni kile kile kinachojaza wodi.

Haya, turudi Mutukula, maana Finland angalau chupa zao zinatoka kiwandani.

Wale wenzetu wa bodaboda na zile chupa sita. Hazikuwa na stempu ya kodi, si ya Tanzania wala ya Uganda. Vifuniko vilikuwa vinazunguka ovyo. Tuliona, tukacheka. Zilifunguliwa usiku wa manane, wengi wetu tumeshalala. Rafiki yangu mmoja alikunywa mbili. Asubuhi aliamka na kichwa tu, kama sisi wengine. Mchana tumbo likaanza kumuuma. Jioni akasema anaona kama ukungu, kama mtu amewasha moshi chumbani. Tukamwambia alale. Tukampa maziwa. Mmoja wetu aliyesoma sayansi, na simtaji kwa sababu ninampenda, alisema anywe maji ya limao. Saa tatu usiku akaniuliza mbona tumezima taa, na taa ilikuwa inawaka.

Zile elfu nane za faida nilikuwa nazo kwenye pochi. Ndizo zilizolipa gari la kumpeleka hospitali.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kinywaji kinatakiwa kiwe na ethanoli. Kuna ndugu yake anaitwa methanoli, hutumika viwandani. Watu wanaotengeneza pombe bandia humtumia kwa sababu ya bei, au kwa kutojua. Kwa ulimi huwezi kuwatofautisha, na kwa harufu huwezi. Hata ule mtindo wa kuwasha moto uone rangi, usiutegemee. Methanoli ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inashambulia mishipa ya fahamu ya macho. Mililita 10 tu, vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu. Mililita 30 zinaweza kumuua.

Kinachodanganya ni muda. Mtu anaweza kukaa saa 12 mpaka 24 akiwa mzima. Na kama alikunywa pombe ya kawaida kwanza, kama rafiki yangu, inachelewa zaidi, kwa kuwa ini linashughulikia kwanza ile ya kawaida. Ndiyo sababu tulidhani ni mning'inio tu. Hospitalini wanazo dawa za kuzuia lile geuzo lisitokee, na wanaweza kuisafisha damu kwa mashine, lakini ukichelewa, kilichokwisha kuungua kimeungua. Maziwa hayafanyi kitu. Limao halifanyi kitu. Kumtapisha pia hapana, anaweza kupaliwa akafa.

Rafiki yangu yuko hai. Anatembea, anacheka. Ila akikutazama usoni hauoni uso wako, anaona masikio na nywele, katikati kuna kivuli. Alikuwa amesomea ualimu. Hawezi kusoma daftari la mwanafunzi.

Naye ana bahati. Kenya, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, na wengine wengi wakapofuka. Kabale, hapo hapo Uganda, Aprili 2010, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi yenye methanoli. Kenya tena, Mei 2014, zaidi ya 60 kwenye kaunti mbalimbali ndani ya siku chache. Walionunua walikuwa wanatafuta bei nafuu, kama sisi.

Sheria nitaipitia haraka. Mtu mzima anayevuka mipaka ya Afrika Mashariki anasamehewa ushuru wa lita moja ya pombe kali, au lita mbili za mvinyo. Msamaha huo ni kwa aliyetimiza miaka 18 tu. Chupa zetu 30 zilikuwa lita sita, kwa watu wawili. Ukipitisha kwa magendo, sheria ya forodha inasema kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili, na chombo kilichobeba kinaweza kutaifishwa. Na vile vipakti vya plastiki, viroba, Tanzania ilivipiga marufuku tangu Machi 1, 2017. Uganda ilikuja kuvizuia 2019, na katikati hapo vijana wengi walifanywa punda wa kubeba.

Hili la punda ndilo linalonihangaisha kuliko sherehe yenu. Watu wazima wanajua mwanafunzi mwenye sare na begi la madaftari hakaguliwi sana. Anakuja mtu, anakuambia, "Dogo, nipitishie kimzigo, nitakupa elfu tano." Akikamatwa kijana, mwenye mzigo hajulikani. Na kama kilichomo ni kama zile chupa sita, wewe ndiye uliyeziingiza mtaani kwenu.

Nikawaachia nafasi ya maswali. Kwanza kimya, kama kawaida. Kisha kijana mmoja nyuma akasema, "Dada, kwa hiyo tukinunua yenye stempu hapa hapa, sawa?" Wakacheka. Nikamjibu kwamba wote mliomo humu mko chini ya miaka 18 au mnaikaribia, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Stempu inaonyesha kodi imelipwa. Haisemi kwamba ini lako limeruhusu. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara. Nikamwambia pia kwamba kwa fedha za watu kumi wanaweza kupata mbuzi, soda na spika ya kukodi, na wakabakiwa na chenji. Sijui kama alishawishika. Aliandika kitu kwenye daftari, pengine alikuwa anapiga hesabu ya mbuzi.

Halafu msichana mmoja akanifuata nje, wenzake wameshatangulia bwenini. Akasema, "Dada, anayenituma ni baba. Kila mwisho wa mwezi navuka na shangazi, tunamletea. Nikikataa atasema nimekuwa mkubwa." Sikumwambia agombane na baba yake. Nilimwomba tukae. Tukakubaliana nitakuja Jumamosi kumsalimia shangazi kwanza, kwa sababu shangazi ndiye anayeshika fedha, na huwa ni rahisi mtu mzima kuambiwa na mgeni. Nikampa na karatasi ndogo, aiweke nyumbani penye funguo: mtu akisema anaona ukungu, au tumbo linamuuma na anahema haraka, siku moja au mbili baada ya kunywa, apelekwe hospitali usiku huo huo, na chupa aliyoinywea ibebwe.

Akaisoma mara mbili. Akauliza, "Na kama baba hataki kwenda?"

Nikamwambia amwite jirani mwenye gari, asisubiri ruhusa. Akaniomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi jina la jirani.