Kuimba Kuzuri na Kuimba Vizuri: Kirai Kitenzijina katika Kiswahili



Katika mitihani ya sarufi mwanafunzi huulizwa iwapo neno kuimba ni nomino au ni kitenzi, naye hutakiwa kuchagua jibu moja. Hoja yangu ni kwamba swali lenyewe lina kasoro, na kwamba wanafunzi wamekuwa wakinyimwa alama kwa kosa lisilo lao.

Tuchukue sentensi ya hapahapa Ugogoni: Kuimba kwake nyimbo za Kigogo kuliwavutia wasikilizaji wa ng'ambo. Anayezungumziwa ni marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Kirai kizima, kuanzia kuimba hadi Kigogo, ni kiima, nacho kimeleta upatanisho wa ku- katika kitenzi na kwa- katika kimilikishi. Hizo ni tabia za nomino, ndiyo maana Meinhof aliliweka umbo hili katika ngeli ya 15. Lakini papo hapo neno kuimba lina yambwa yake, nyimbo, iliyokaa bila kiunganishi chochote. Linganisha na uimbaji. Hatusemi uimbaji wake nyimbo. Sharti tuseme uimbaji wake wa nyimbo. Uimbaji umekwisha kuwa nomino kamili; kuimba bado hakujaacha ukitenzi wake, na ndiyo maana hukubali kunyambuliwa na kukanushwa: kuimbiwa, kutoimba.

Kipimo kingine ni cha kivumishi na kielezi. Kuimba kuzuri huelekea upande wa nomino. Kuimba vizuri, upande wa kitenzi. Mzungumzaji huchagua, na yote mawili ni Kiswahili safi. Kiingereza kimegawa kazi hizi kati ya maumbo mawili; sisi tunalo moja, na sioni sababu ya kulipasua ili lifanane na la wengine.

Kuhusu dhima nyingine sitakawia: yambwa (anataka kulima), kivumishi (maji ya kunywa), kielezi cha kusudi (amekwenda kulima), na mkazo (kulima tutalima).

Kutambua ndiko kugumu, kwa sababu ku- ni nyingi. Iko ya mtendwa katika nimekuona, ya ukanushi katika hakulima, na ile inayobeba mzizi wa silabi moja katika anakula. Inayowapoteza wengi ni ya mahali. Fikirini juu ya Kongwa, ulikoanzishwa mradi wa karanga mwaka 1947:

Kongwa kunahitaji mvua.
Kulima Kongwa kunahitaji subira.

Viambishi vinafanana, viima havifanani. Weka pa- badala ya ku-: Kongwa panahitaji mvua inakubalika, Kulima Kongwa panahitaji subira haikubaliki, kwa kuwa kinachohitaji subira ni tendo, si mahali.

Wanaotafuta mada ya tasnifu waende Kondoa. Katika Kirangi, kwa baadhi ya njeo za wakati ujao, kitenzi kikuu chenye umbo la kitenzijina hutangulia kitenzi kisaidizi, mpangilio ulio adimu miongoni mwa lugha za Kibantu. Kiswahili husema atakuwa akilima, kisaidizi kikiwa mbele. Kwa nini Warangi wamegeuza, wakati majirani zao Wagogo hawakugeuza, ni swali linalostahili miaka kadhaa ya kazi ya uwandani.