Kumfuata Mama Mmoja Katika Hati na Magazeti

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme nanyi kidogo juu ya namna ya kuutafuta mwenendo wa maisha ya mtu aliyekwisha kufariki, na hasa mwanamke, kwa kuzitumia hati za jamaa na matangazo ya magazeti. Jambo hili latuhusu sana. Chama chetu huzika, hufariji wafiwa, na mara nyingi huitwa kusuluhisha pale jamaa wanapogombania shamba, jina au kaburi. Katika magomvi hayo yote, anayeumia kwanza ni yule ambaye hakuandikwa popote.

Kwa nini nasema hasa mwanamke? Tazameni historia ya mji huu wa Nairobi. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilivishwa shingoni mwa wanaume. Kilikuwa mzigo wa aibu, lakini kiliacha nyuma yake jina, kabila, kijiji na majina ya mabwana aliowatumikia mtu. Wanawake hawakuingizwa katika daftari hilo la uandikishaji mpaka sheria iliporekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtu akitaka leo kumjua nyanya yake aliyeuza mboga Nairobi mwaka 1935, hatamwona kwa njia aliyomwonea babu yake.

Tena tukumbuke tarehe 16 Machi 1922. Siku hiyo umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku afunguliwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume waliokuwa tayari kurudi nyumbani, na alipigwa risasi akafa pamoja na wengine. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema walikuwa wengi zaidi. Jina lake limetufikia zaidi kwa vinywa vya waliokuwapo kuliko kwa karatasi. Barabara ya mahali pale leo yaitwa Harry Thuku, na ni haki. Lakini anayepita pale haambiwi habari za Nyanjiru.

Basi nimechagua mfano wa mama mwingine, ambaye karatasi zake ni nyingi, ili tuone njia ilivyo. Huyu ni marehemu Mama Wambui Otieno, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1936 na kufariki tarehe 30 Agosti 2011. Wengi wenu mlimwona kwa macho, na wote mlimsikia.

Jambo la kwanza ni nasaba. Ukitoka katikati ya mji na kushika njia ya magharibi kupita Westlands, uko juu ya Barabara ya Waiyaki. Waiyaki wa Hinga alikuwa mkuu wa watu katika upande ule wa Dagoretti na Kikuyu. Alipatana na Kapteni Lugard mwaka 1890, kisha akakosana na watu wa Kampuni ya Kiingereza, akakamatwa mwaka 1892 na kufia Kibwezi akipelekwa pwani. Wambui alikuwa kitukuu chake. Baba yake, Tiras Waiyaki, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupanda cheo cha juu katika polisi, na kaka yake, Daktari Munyua Waiyaki, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje katika miaka ya 1970. Jamaa ya namna hii huacha alama: rejista za ubatizo za misheni, daftari za shule, na kumbukumbu za kazi ya serikali.

Lakini angalieni. Alama hizo nyingi ni za wanaume wa nyumba. Binti huonekana ndani yake kama mtoto wa fulani. Tena jina la Wambui peke yake halitoshi kumtambulisha mtu, kwani ni moja la majina ya mabinti wa Mumbi, nalo hurudi katika kila kizazi kwa desturi ya kuwapa watoto majina ya nyanya zao. Yapasa mtafutaji ashike jina, baba, mahali na mwaka kwa pamoja, la sivyo atamfuata mtu mwingine na kumwita jamaa yake.

Jambo la pili ni miaka ya kimya. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa ushuhuda wake mwenyewe, Wambui alikula kiapo akiwa bado msichana, kisha akaiacha nyumba ya baba yake, aliye ofisa wa polisi, akaingia Nairobi kufanya kazi ya siri ya Mau Mau, kupeleleza na kupitisha habari na silaha. Baadaye aliingia katika chama cha Tom Mboya, Nairobi People's Convention Party, na mwaka 1960 alitiwa kizuizini Lamu. Mtu atakayefungua magazeti ya miaka ile akitumaini kusoma habari za wanawake wa kazi kama hiyo, atafunga gazeti mikono mitupu. Kazi ya siri haitangazwi, na magazeti yenyewe yalisimama upande wa serikali. Tunayajua hayo kwa sababu Mama huyu aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1998, akaeleza humo hata mateso aliyotendewa kizuizini, mambo ambayo wanawake wengi wa rika lake walikwenda nayo kaburini.

Kwa hiyo, kimya cha gazeti si ushahidi kwamba mtu hakutenda neno. Ni ushahidi tu wa jambo ambalo wenye gazeti walipenda kuliona.

Jambo la tatu ni ndoa. Mwaka 1963 aliolewa na Silvano Melea Otieno, wakili, Mjaluo wa Siaya, kwa ndoa ya sheria ya serikali. Tangu siku ile, katika karatasi nyingi, Wambui Waiyaki atoweka na Wambui Otieno atokea. Mtafutaji asiyejua habari ya ndoa hiyo atadhani hawa ni watu wawili, mmoja aliyekufa kijana na mwingine asiye na utoto. Cheti cha ndoa ndicho daraja baina yao. Nawasihi wazazi na wazee: cheti hicho kisiachwe kuliwa na mchwa ndani ya sanduku.

Sasa naja kwenye jambo zito. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Makao yao yalikuwa Lang'ata, nao walikuwa na shamba Upper Matasia, upande wa Ngong. Mjane alisema kwamba marehemu alitaka azikwe huko. Ndugu wa marehemu na ukoo wake wa Umira Kager walisema kwamba Mjaluo huzikwa katika nchi ya baba zake, yaani Nyalgunga. Kifo kilikuwa kimoja, lakini matangazo ya mazishi yalikuwa mawili, kila upande ukitaja mahali pake. Msikilizaji wa mbali angeuliza: je, ni marehemu wawili?

Hapa pana fundisho kubwa kuliko yote niliyokuja nayo. Tangazo la kifo ni neno la yule aliyelitoa. Latuambia nani alijiona kuwa mwenye maiti, nani alitajwa kwanza, nani alitajwa mwisho, na nani aliachwa kabisa. Wambui mmoja aliweza kuwa mjane mwenye kuamuru katika tangazo moja, na katika neno la upande wa pili akawa mke aliyeolewa, asiye na sauti juu ya maiti. Asomaye tangazo moja tu amesikia upande mmoja wa shauri. Mzee wa baraza hawezi kutoa hukumu namna hiyo.

Shauri lilikwenda Mahakama Kuu, wakili John Khaminwa akisimama kwa ajili ya mjane na Richard Kwach kwa ajili ya ukoo. Magazeti yalichapa maneno ya mashahidi siku baada ya siku, na Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu alikuwa miongoni mwa walioulizwa juu ya desturi za Wajaluo. Jaji Bosire aliupa ukoo haki mwezi wa Februari 1987, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha tarehe 15 Mei. Maiti ilizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kifo, na mjane hakuhudhuria.

Sikuja kuwasha moto uliozimika. Katika mkutano huu wamo wanaosema mahakama ilihifadhi desturi, na wamo wanaosema mjane alidhulumiwa. Mimi natazama karatasi tu. Wakili yule, aliyejua sheria kuliko sisi sote, alikufa bila wosia ulioandikwa juu ya mazishi yake. Maneno aliyodaiwa kuyasema kwa mdomo yaliletwa mahakamani na mashahidi, yakabishaniwa, wala hayakumpatia mjane wake ushindi. Karatasi moja isingemaliza ubishi wote, kwa kuwa desturi nayo ina nguvu zake. Lakini ingalisema kwa sauti ya marehemu mwenyewe.

Jambo la nne, na la mwisho juu ya maisha yake: mtu asifungwe katika siku moja ya magazeti. Kwa wengi, Mama Wambui ni mjane wa mwaka 1987 tu. Wengine wamkumbuka kwa mwaka 2003, alipokuwa na umri wa miaka 67, akaolewa na kijana aliyemzidi kwa karibu miaka 40, na magazeti yakapata neno la kusema kwa majuma mengi. Lakini mama huyohuyo aligombea kiti cha Bunge mwaka 1969, wakati mwanamke kusimama jukwaani kuomba kura lilikuwa jambo la kushangaza watu. Na karibu na uchaguzi wa mwaka 2007 aliunda chama cha siasa, akakiita Kenya People's Convention Party, jina lenye kuurudisha ule ujana wake wa siku za Mboya. Ukizipanga karatasi zake zote kwa miaka yake, waona mtu mmoja asiyekubali kuamriwa, tangu msichana hadi ajuza. Ukishika gazeti moja tu, waona kichekesho au kesi.

Mabibi na Mabwana, basi tufanye nini? Natoa mashauri manne.

Kwanza, daftari la wanachama liandike kila mwanamke kwa majina yake yote: la kuzaliwa, la ubatizo kama analo, la baba, na la mume. "Mama Fulani" ni jina la heshima nyumbani, lakini katika daftari halimtambulishi mtu.

Pili, Chama kitakapotoa tangazo la kifo cha mwanachama mwanamke, kitaje kazi aliyoifanya na mahali alipozaliwa, si majina ya wanawe na vyeo vyao peke yake. Na kipande cha gazeti kihifadhiwe, pamoja na tarehe yake na jina la gazeti.

Tatu, jamaa wajifunze kusoma Gazeti Rasmi la Serikali. Maombi ya mirathi hutangazwa humo, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Wajane na mabinti wengi wamepoteza haki kwa kuwa tangazo lilipita nao hawana habari. Kwa mambo ya zamani, iko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka katika Barabara ya Moi, na iko Maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931. Vijana wetu wapelekwe huko.

Nne, wazee waulizwe wangali hai. Nyanjiru hakuokolewa na karatasi, bali na watu waliosimama karibu naye wakakumbuka. Mwandikishe nyanya zenu maneno yao mwaka huu, wala msingoje siku ya matanga, kwani siku hiyo kila mtu husema sifa tu.

Na kila mmoja wetu, mume kwa mke, aandike wosia wake mbele ya mashahidi, aseme atazikwa wapi na nani ashike mali yake, kisha awaambie jamaa wa pande zote mbili angali na nguvu zake. Halmashauri imekubali kuziweka nakala za wosia za wanachama watakaopenda. Naomba mkutano huu upitishe jambo hilo leo, kabla hatujaondoka.