Posho yetu ya Jumamosi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kapata



Mulituomba tuseme juu ya chakula na bustani za watu waliorudi. Tungeweza kuleta hesabu, kwa sababu kazi yetu ya kila siku ni kupita lupango kwa lupango na karatasi ya maulizo. Lakini leo tunaomba ruhusa tuwaelezee siku moja tu ya nyumbani kwetu, Jumamosi moja mwanzo wa mvua. Ile siku karatasi ilibaki ndani ya mfuko.

Hapa Kapata wazee wa kazi bado wanaita Jumamosi "siku ya posho". Munajua sababu. Wakati wa Union Minière, na nyuma Gécamines, mufanyakazi alipokea unga na vyakula vingine vya kulisha jamaa yake. Posho ilikwisha. Mwaka 2003 ukaanza ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kazini. Jina la siku limebaki. Sasa posho ya Jumamosi sisi tunaichuma wenyewe, nyuma ya jikoni.

Asubuhi Kaku alituamsha mapema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa laini. Wasichana walichuma lengalenga, sisi tukavunja majani ya sombe, Papa akatengeneza lupango upande ule mbuzi wa jirani wanapitia. Maji yaliyoosha mchele yalimwagwa kwenye migomba. Majivu ya mbabula yakaenda kwenye mboga, kufukuza wadudu. Kwetu hakuna kitu kinachotupwa bure.

Sombe ilitwangwa pamoja na kitunguu na pilipili, ikakaa motoni muda mrefu, nyuma mafuta ya mawese na ndakala. Juu ya bukari kulikuwa na mabishano, kama kila Jumamosi. Kaku anataka unga wa muhogo uchanganywe na wa mahindi, vile walivyozoea Kasai. Watoto waliozaliwa hapa wanataka mahindi matupu. Ile siku Kaku alishinda, kwa sababu mwiko ulikuwa mkononi mwake.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wengi kati yetu tunajua miaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala kwenye stasio za Kolwezi na Likasi wakingoja gari-moshi. Jamaa yetu ilikuwa kati yao. Sisi tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Lupango tuliyoacha ilikuwa na mwembe na miti miwili ya avoka. Tuliporudi, miaka mingi nyuma, tukakuta watu wengine wanakula yale matunda. Hatukugombana nao. Tulitafuta mahali pengine, tukaanza upya.

Lakini tangu kurudi, Kaku hakupanda mti hata mmoja. Lengalenga tu, matembele, nyanya: vitu vinavyokomaa upesi. Hata sombe ni Papa aliyeipanda. Tukimuuliza, jibu lake ni moja: "Lengalenga njo mboga ya mutu wa safari. Unakula, unaenda."

Na ndani ya ile juma mtu mmoja alikuwa amekuja kwa Papa. Alitaka kuchimba ndani ya lupango yetu, aone kama kuna kobalti chini. Alitaja dola. Papa hakukataa, aliomba siku za kufikiri. Tusimuhukumu. Dada yetu mdogo alikuwa amefukuzwa masomoni juu ya feza ya shule.

Sisi wote tunajua Kasulo. Mwaka 2014 mtu alichimba lupango yake akapata madini, na nyuma ya muda kidogo mashimo yakapita chini ya nyumba za mtaa. Mwaka 2017 jamaa nyingi zilihamishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu pale. Mwaka 2018 wakatangaza kwamba miili yao ilikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na kwa watoto tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Nyuma ya kula, Kaku aliingia nyumbani akatoka na bati la mafuta. Ndani mulikuwa mche wa avoka. Alikuwa ameuotesha kwa kokwa, miezi mingi, bila kutuambia. Akaonyesha katikati ya lupango, akasema: "Muchimbe hapa. Njo shimo moja tu litakalochimbwa huku kwetu."

Papa alinyamaza. Mtoto mmoja akauliza: "Kaku, huu muti utazaa lini?" Akamujibu: "Mimi nitakuwa tayari udongo. We njo utakula." Papa akasimama, akachukua ndoo, akaenda kisimani kuleta maji ya ule mti.

Jumatatu alimwambia yule mtu hapana. Feza ya shule ilitoka kwenye likelemba ya ushirika huu, na bado tunailipa kidogo kidogo. Tunasema hivi mbele ya nyinyi marafiki munaotoa, ili mujue mchango wenu unazuia nini. Wakati mwingine deni dogo la shule ndilo linalofungua mlango kwa mwenye sururu.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. La kwanza: wakati huu wa mvua kila jamaa ipande mti mmoja wa matunda, mwenye mche wa ziada amupe jirani. La pili: mboga zioshwe vizuri, kwa maji ya kisima safi, hapana maji ya mahali wanapooshea madini, kwa sababu vumbi la karieri linakaa kwenye majani. La tatu: likelemba ya shule isikauke. Anayekopa arudishe, anayeweza kuongeza aongeze.

Karatasi yetu ya kazi inauliza: "Ulirudi mwaka gani?" Tumeandika majibu mengi. Juu ya Kaku tuliandika mwaka ule aliposhuka kwenye gari-moshi. Tulikosea. Kaku alirudi ile Jumamosi, nyuma ya bukari, saa nane za mchana.