"Mswada Umepita" Maana Yake Nini?

Leo tuongee maneno ya bunge, manake kila mara tunaona kwenye simu "mswada umepita", halafu tunaulizana: umepita wapi?

Mswada bado si sheria. Ni pendekezo lililoandikwa, halijamfunga mtu. Husomwa mara 3. Mara ya kwanza karani husoma kichwa chake tu, hakuna mjadala. Kisha hupelekwa kwa kamati, yaani wabunge wachache wanaouchambua kifungu kwa kifungu.

Hapo kwenye kamati ndipo pa kushika. Katiba, kifungu cha 118, inalilazimisha bunge kushirikisha wananchi, ndiyo maana mnaona yale matangazo ya kuomba maoni gazetini (ambayo hakuna anayeyasoma). Ukurasa mmoja unatosha. Taja nambari ya kifungu cha mswada, sema unataka kifutwe au kibadilishwe vipi, na sababu. Ukiandika tu "tunapinga!", kamati haina cha kurekebisha.

Mara ya pili wabunge wanajadili. Baadaye bunge lote huketi kama kamati kupitisha marekebisho, halafu inakuja mara ya tatu, kura ya mwisho. Tukingoja mpaka hapo tunalipa ghali. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa tarehe 25 Juni, kura 195 kwa 106, huku barabara zimejaa vijana. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini, akaurudisha bungeni. Lakini kuna waliotoka nyumbani siku ile ya kura wakapigwa risasi, hawakurudi.

Neno lingine: akidi. Ni idadi ya chini ya wabunge inayotakiwa ndio kikao kiendelee. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika, na akidi ni 50 tu! Kwa hivyo mheshimiwa wako anaweza kukosa na mambo yakaendelea bila yeye.

Alisema nini basi siku aliyokuwepo? Kuna Hansadi, kumbukumbu rasmi ya kila kinachosemwa ndani. Iko kwenye tovuti ya bunge, bure. Ingieni usiku wa leo, mtafute jina la mbunge wenu.

Haya, nani ana swali?